Doti Nyekundu na Mahari

Mtuhumiwa mwongo ana raha yake. Unamwacha aseme, anasema, na mwisho anajifunga kamba mwenyewe. Masinde hakuwa mwongo. Alikuwa bubu wa kujitakia, na jambo hilo lilikuwa linamtia wazimu Inspekta Rukiah Abdunoor.

Alikaa ng'ambo ya meza, mikono juu ya magoti, miguu mitupu kwa sababu viatu vya mahabusu hubaki kaunta. Alikuwa mtu wa makamo, Mkenya wa Bungoma, mkazi wa Namuwongo hapa Kampala, aliyetunza ghala la silaha la klabu ya shabaha miaka mingi bila hata risasi moja kupotea. Sasa ilikuwa imepotea bastola nzima. Bastola yenyewe ilikuwa ndogo, ya michezo, ya kutobolea makaratasi tu, lakini sheria haijui mchezo. Ufunguo wa ghala ulikuwa mmoja, nao ulilala mfukoni mwa Masinde.

"Nakuuliza kwa wema, Masinde, na wema wangu unaisha. Bastola iko wapi?"

"Afande, mimi sijaiba."

"Sikukuuliza kama umeiba. Nimeuliza iko wapi."

Masinde alitazama vidole vya miguu yake kama mtu anayevihesabu. Kisha akauliza swali lake la kila siku, lile lile, kwa sauti ile ile ya adabu.

"Hakuna mtu amekuja?"

"Mke wako amekuja. Ameleta chakula."

"Mbali na Nerima."

"Unamngoja nani mwingine?"

Masinde akarudi kwenye vidole vyake. Rukiah akafunga faili kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Kesho asubuhi wanajeshi wanachukua kesi hii, waipeleke mahakama yao. Kwao hakuna bastola ya mchezo, kila bunduki ni ya vita. Ukishavuka mlango wao, mimi sina mkono tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, afande."

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Alielewa, na bado akarudi mahabusu na siri yake.

Rukiah alikuwa na nadharia yake, na aliipenda kama mtu anavyopenda chakula alichopika mwenyewe. Mwanamume asiyeogopa jela bali anaogopa kutaja jina, na anayengoja mgeni ambaye si mkewe, ana mwanamke wa pembeni. Tena nadharia hiyo ilikuwa na shahidi. Nusura, mama anayepika chakula pale klabuni, alimsikia Masinde nyuma ya jiko akinong'ona kwenye simu, siku chache kabla bastola haijagundulika kuwa haipo. Rukiah aliyaandika maneno hayo kwa mkono wake mwenyewe: *Chagua doti nyekundu, mahari nitatafuta mimi.*

Ungetaka nini zaidi? Doti ni kanga mbili, kila mtu aliyelelewa na Kiswahili anajua. Mwanamke anachagua kanga za harusi, mwanamume anatafuta mahari, na mwanamume mwenyewe analala na ufunguo wa ghala la bastola. Rukiah alizaliwa Bombo, katika nyumba ya Wanubi ambamo mtoto aliyekosea ngeli alichekwa na babu mpaka akajirekebisha. Alipewa kesi hii kwa sababu mashahidi walikuwa watu wa Kiswahili, na wakubwa waliamini kwamba kwa Kiswahili hakuna wa kumdanganya.

Jana kutwa yeye na Sajenti Okeny walikuwa wamelizunguka soko la Owino, kibanda kwa kibanda, wakiuliza nani aliuza doti nyekundu kwa bibi harusi wa Mkenya. Waliambulia patupu. Okeny, Mwacholi mrefu aliyekuwa mwanajeshi kabla ya kuwa polisi, alibeba mfuko wa kanga ambazo Rukiah alijikuta amezinunua kwa aibu ya kuuliza sana.

Nerima alikuwa bado kwenye benchi pale kaunta, bakuli tupu limefungwa kwa kitambaa juu ya mapaja. Rukiah akaketi kando yake. Kazi hii aliichukia, lakini ilibidi.

"Mama Nerima, nisamehe kwa swali hili. Masinde ana mwanamke mwingine?"

Nerima alimgeukia polepole. "Ni yeye amesema?"

"Hapana. Lakini kuna mtu alimsikia akimwambia mwanamke achague doti nyekundu."

"Doti ni nini?"

Rukiah alidhani hakusikia vizuri. "Doti. Doti ya kanga. Zile mbili."

"Hiyo sisi tunaita leso," Nerima akasema. "Kwetu Bungoma ni leso, na hapa Kampala kwa majirani ni leesu. Mimi nimezeeka na huyu mtu, afande. Hajawahi kuninunulia leso hata moja, na hilo neno lako hajawahi kulitamka. Angelitoa wapi?"

Swali lilikuwa jepesi mno. Masinde angelitoa wapi? Na Nusura je, Mganda wa Masaka, angelijulia wapi? Neno doti lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu asiyelijua, likapita sikioni mwa mtu asiyelijua, likafika kwake yeye, na yeye peke yake ndiye aliyeona kanga.

"Okeny!" aliita. "Washa gari."

Nusura walimkuta jikoni klabuni akimenya ndizi za matooke, kisu mkononi, mvuke usoni. Alifurahi kuwaona, ushahidi ulikuwa umempa heshima kwa wapishi wenzake.

"Nnyabo, mama yangu, rudia tena yale maneno ya Masinde. Polepole."

"Nirikwambia, afande. Yeye narikuwa pare nyuma. Akasema, 'Chagua doti nyekundu, mahari nitatafuta mimi.' Mimi nikasema, banange, huyu mzee naoa!"

Rukiah alisimama akimtazama kinywani. Nirikwambia. Narikuwa. Pare. Siku ile ya kuandika alikuwa amesahihisha kila r ya mama huyu na kuirudisha kuwa l, bila hata kufikiri, kama mtu anavyopangusa vumbi mezani. Kila r isipokuwa moja. Ile aliiacha kwa sababu ilikuwa tayari neno kamili.

"Nusura, wewe ulizaliwa wapi?"

"Masaka."

"Sema: mahali nilipozaliwa ni Masaka."

Nusura akacheka, akaona mchezo wa ajabu, lakini akatii. "Mahari niripozariwa ni Masaka."

"Na kitu ambacho mwanamume anawapa wazazi wa msichana?"

"Mahari." Akasita. Akawatazama wote wawili. "Kwani siyo hiyo hiyo?"

Okeny alijifanya anakohoa. Rukiah alitoka nje akasimama karibu na ukuta, jua likimchoma, na akaona aibu kweli kweli, aibu ya kitoto. Masinde hakutafuta mahari. Alitafuta mahali. *Chagua doti nyekundu, mahali nitatafuta mimi.* Mahali pa nini, basi? Na doti gani isiyo kanga? Kichwa chake kilikuwa kimejaa moshi. Alikuwa ameivunja nadharia yake mwenyewe na hakuwa na nyingine ya kuweka pale.

"Afande," Okeny akasema nyuma yake, "hiyo doti nyekundu mimi najua. Iko ya kulenga."

"Nini?"

"Ni kioo kidogo. Unafunga juu ya bunduki. Ukiangalia ndani, unaona nukta nyekundu. Pale nukta inakaa, risasi naenda pale. Wazungu naita doti."

Rukiah alimgeukia. "Na jana kutwa tumezunguka Owino, hukuweza kuniambia?"

"Afande, jana ulisema tunatafuta kanga. Mimi nikatafuta kanga."

Hapo hapo uwanjani alikuwako Aluoch, mmoja wa wanawake wawili tu waliolenga kwa bastola pale klabuni, Mkenya, mwenye duka la dawa mjini. Alikuwa anafunga mkoba wake. Rukiah akamwuliza juu ya doti hizo kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Sisi wengi tunatumia vijino vya chuma," Aluoch akaeleza. "Kimoja mbele, viwili nyuma, unavipanga na shabaha. Lakini macho yakianza kuzeeka, vijino vinakuwa ukungu. Doti inasaidia, kwa sababu unatazama kitu kimoja tu. Mwaka huu mashindano ya Nairobi yameziruhusu."

"Wewe unayo?"

"Sina haja nayo. Macho yangu mazima." Akacheka kidogo. "Na nafasi pia sina. Nairobi anaenda Ajwang. Au alikuwa anaenda, kabla bastola yake haijaibwa. Sasa kamati inasema huenda nikaenda mimi."

Maneno hayo Rukiah aliyameza mazima. Bastola iliyopotea ilikuwa mali ya klabu, lakini aliyeitumia alikuwa Ajwang, yule mwanamke wa pili, Mkenya pia, bingwa wao, na tangu siku ya kwanza kila mtu alimpa pole kama aliyefiwa. Nani alifaidika na msiba huo? Huyu hapa, mwenye macho mazima na meno meupe. Rukiah alihisi nadharia mpya inaota, na safari hii akaiogopa.

"Doti kama hizo zinauzwa wapi Kampala?"

"Kwa Muhamadi tu. Yule wa darubini, pembeni ya Owino."

Muhamadi aliuza darubini za watalii, mahema yaliyotumika, tochi, na maneno mengi. Hakuwaficha kitu, shida ilikuwa kumnyamazisha. Ndiyo, aliuza doti moja wiki ile. Ndiyo, mteja alikuwa mwanamke, Mkenya kwa Kiswahili chake, miwani myeusi usoni kama mke wa waziri. Uso? Hakuuona. Kila alipotaka kutazama ndani ya kioo alimpa mgongo, ndipo akaivua miwani.

"Alinichosha huyo mama! Nikampa ya kwanza, akasema nukta ina mkia. Nikampa nyingine, akasema hii ina miguu kama buibui. Nikamwambia, nnyabo, hizi mpya! Nikatazama mimi, nukta safi, duara. Akatazama yeye, mkia. Tukapunguza mwanga, akasema mkia umefupika. Akachukua hiyo, akaenda."

"Kioo kilikuwa kibovu?" Rukiah akauliza.

"Kibovu wapi! Ni jicho. Wapo watu wa hivyo. Jicho lao halikukaa duara sawasawa, basi mwanga mdogo wanauona umechanika. Nyota wanaiona na mikia, taa ya gari na mikia. Kioo hakidanganyi, jicho ndilo linadanganya."

Rukiah akaketi kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. Basi alikuwa anatafuta mwanamke Mkenya, mlengaji, mwenye jicho bovu. Klabu ilikuwa na wanawake wawili Wakenya. Mmoja alijisifu kwamba macho yake mazima, na mwenye kujisifu bila kuulizwa anaweza kuwa anaficha. Mwingine alikuwa bingwa. Bingwa mwenye jicho bovu? Lilikuwa halimwingii akilini.

"Niwape kioo kimoja watazame," alimwambia Okeny kwa sauti ya chini. "Kila mmoja achore anachokiona."

"Atachora duara, afande. Mwenye jicho bovu sasa yeye najua kwamba wenye macho mazima naona duara. Atachora tu."

Okeny alikuwa amesema kweli, na hilo lilimuudhi. Rukiah akachukua kioo kilichobaki kaunta, kidogo, kipana mbele, akakielekeza barabarani. Nukta nyekundu ilikaa juu ya gunia la mkaa. Akabonyeza kitufe cha pembeni akidhani anapunguza mwanga, na nukta ikageuka alama ya kujumlisha.

"Na hii nini?"

"Hicho ni cha Kichina, kina alama nyingi," Muhamadi akasema kwa dharau. "Unabonyeza, inabadilika. Nukta, duara, hiyo ya kujumlisha. Watoto wanapenda. Yule mama hata hakukishika."

Rukiah akabaki amekishika kioo usoni kwa muda, akitazama ile alama nyekundu ikielea juu ya mkaa. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze.

Walimwita Ajwang kutoka ofisini kwake, na Aluoch kutoka dukani kwake, wakawakutanisha klabuni alasiri. Ajwang alikuja na gauni la kazini, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, meneja wa kampuni ya mizigo. Akauliza kwanza kama bastola imepatikana. Kisha, kama aliyekumbuka, akauliza hali ya Masinde.

"Si nzuri," Rukiah akasema. "Kesho wanajeshi wanamchukua."

"Maskini," Ajwang akasema, akatazama pembeni.

Rukiah aliwaeleza kwamba kuna kifaa kimekamatwa, na kwamba wao ni wataalamu. Angependa kila mmoja atazame na kuchora anachokiona. Kioo kilifungwa juu ya meza kimeelekea ukuta mweupe. Aluoch akaenda wa kwanza. Akainama, akakunja uso, akachora, akaikunja karatasi. Akaondoka mezani akinung'unika kitu juu ya Wachina.

Ajwang akainama. Alikaa pale kitambo. Rukiah aliona kidole chake kikigonga meza, taratibu, na aliona bega likishuka kama la mtu aliyekutana tena na ugonjwa aliodhani umepoa. Kisha Ajwang akachukua kalamu, akachora haraka, kwa mkono imara wa bingwa, akasogeza karatasi.

Rukiah akazifungua zote mbili mbele yao. Kwenye karatasi ya Aluoch kulikuwa na alama ya kujumlisha, na chini yake ameandika: *hiki ni cha kuchezea?* Kwenye karatasi ya Ajwang kulikuwa na nukta. Duara safi, nyeusi, imejazwa vizuri mpaka pembeni.

"Madam Ajwang," Rukiah akasema, "ndani ya kioo hiki hakuna nukta."

Ajwang alimtazama, akaitazama karatasi ya mwenzake, akarudi kwenye yake. Alikuwa ameona kitu chenye mikono na miguu, akadhani ni jicho lake tena linamsaliti, akachora kile ambacho mtu mwenye macho mazima angepaswa kukiona.

"Nilidhani..." akasema.

"Najua ulichodhani. Bastola iko wapi?"

Aluoch alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ajwang akaketi, na ile sauti ya kuamuru ikaondoka pamoja na nguvu zake.

"Iko kwangu. Kabatini, chini ya mashuka. Sikuiiba. Vijino sivioni tena, tangu mwaka jana sivioni. Nilitaka kujaribu doti mahali ambapo hakuna mtu wa kamati. Wangejua habari ya macho yangu, wangenitoa kwenye timu siku hiyo hiyo. Masinde akanipa bastola Jumamosi, akanitafutia shamba la rafiki yake njia ya Gayaza, nijaribu, nirudishe. Kabla sijarudisha, kamati ikakagua ghala."

"Na ulipojua Masinde amekamatwa?"

"Nilikuwa nakuja. Kila siku nilikuwa nakuja. Aliniambia kwenye simu, kabla hamjamnyang'anya, 'Madam, usihangaike, mimi sitakutaja, wewe utakuja useme mwenyewe.' Nikasema mashindano yakipita nitasema."

Rukiah akazikunja zile karatasi mbili kwa hasira. "Okeny, mpeleke nyumbani kwake mkachukue hiyo bastola," akasema. "Halafu mlete kituoni."

Jioni, bastola ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa ushahidi na doti ndogo nyeusi bado imebanwa mgongoni mwake, Rukiah alishuka mwenyewe hadi mahabusu. Kosa la kuitoa silaha ghalani lilibaki kosa la Masinde, hakuna wa kulifuta, na huenda kazi angeikosa. Lakini lilikuwa sasa jambo la klabu na la hakimu wa kawaida. Wanajeshi wasingekuja. Alikuwa amebeba viatu vya Masinde kwa mkono, jambo ambalo inspekta hafanyi.

Masinde alisimama alipomwona. Hakutazama viatu.

"Hakuna mtu amekuja?"

"Amekuja," Rukiah akasema. "Ajwang yuko juu. Amesema yote. Bastola tunayo."

Uso wa Masinde ulifunguka wote, mpaka akaonekana kijana. Akashika nondo kwa mikono miwili. "Nilijua! Nilijiambia kila siku, huyu mama ni mtu, atakuja tu." Kisha mikono ikalegea kidogo. "Afande. Amekuja mwenyewe, au mmemleta?"

Rukiah binti Abdunoor, aliyesahihisha Kiswahili cha watu maisha yake yote, alitafuta neno lililokaa katikati ya hayo mawili. Hakulipata.

"Tumemleta," akasema.

Masinde akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akapokea viatu vyake, akakaa sakafuni kuvivaa, akavaa kimoja, akabaki na kingine mkononi.